Mjadala: Kadi za mwaliko za Wimbledon zinawainua Waingereza wa madaraja ya chini, au zinawadekeza?

MpigaUkuta_Upanga:
Wakuu habari zenu. Mimi ni mfuatiliaji wa tenisi ya chini kabisa, siyo hii ya mabingwa kina Alcaraz. Naongelea M15 na M25, yaani mashindano ya madaraja ya chini kabisa ya wanaume, vijana wanaozurura Monastir, Sharm El Sheikh na Antalya wakisaka pointi moja moja. Nimejikuta nawafuata Waingereza zaidi ya wengine, sijui kwa nini, labda ni mazoea.

Hoja yangu ni hii. Bingwa wa M15, baada ya kushinda mechi tano ndani ya wiki, anaondoka na dola 2,160, halafu alipe nauli, hoteli na kamba za raketi. Aliyetolewa raundi ya kwanza hapati hata pointi moja. Ikifika Juni, Mwingereza aliyeko nafasi ya mia tatu na ushee anapewa kadi ya mwaliko Wimbledon, anaingia moja kwa moja, na hata akifungwa mechi ya kwanza anachukua pauni 66,000. Hiyo ni 2025. Mwenzake wa taifa jingine aliyeko nafasi ya 180 anapelekwa Roehampton kushinda mechi tatu za mchujo kwanza. Mwaka huo kadi za wanaume karibu zote zilibaki nyumbani. Je, hapo wanamjenga kijana au wanamlemaza? Naomba kuwasilisha.

Kamba_Mbili:
Mkuu, mbona umeruka walioshinda? 2025 hiyo hiyo Arthur Fery aliingia kwa kadi akamtoa Popyrin, aliyekuwa amepangwa namba 20. Jack Pinnington Jones naye kwa kadi akamtoa Etcheverry. Hao ni walemavu wa aina gani?

MpigaUkuta_Upanga:
Fery ndiye mfano wako? Babake ni Loïc Féry yule wa klabu ya Lorient, ligi ya Ufaransa. Huyo alihitaji pauni 66,000 kwa kazi gani, kununua chai?

Kamba_Mbili:
Kwa hiyo mtoto wa tajiri asicheze. Sawa.

Shangazi_Forehendi:
Jamani hamjamtaja Oliver Tarvet hata mmoja wenu, na yeye ndiye jibu la swali. Nafasi ya 733, mwanafunzi wa San Diego, hakupewa kadi ya kuingia moja kwa moja. Akapita mchujo, akamfunga Riedi raundi ya kwanza, akakutana na Alcaraz uwanja mkubwa. Alifungwa 6-1, 6-4, 6-4, lakini mtu akiangalia mechi asingesema wanatofautiana nafasi mia saba. Na pesa zake za raundi ya pili zilikuwa pauni 99,000, ila sheria za michezo ya vyuo Marekani zikamzuia. Aliruhusiwa dola 10,000 tu na gharama zake.

Mzee_wa_Reading:
Niko huku huku Uingereza, miaka inaenda. Mleta mada umegusa kadi ukaacha mfuko wenyewe. Sehemu kubwa kabisa ya faida ya Wimbledon inakwenda LTA, yaani chama chao cha tenisi, zaidi ya pauni milioni 40 kwa mwaka. Kituo cha taifa kimejengwa Roehampton, kimefunguliwa 2007, kinang'aa kama hoteli. Halafu angalia waliofika juu wamepitia wapi: Murray alikwenda Barcelona akiwa na miaka 15. Norrie kazaliwa Johannesburg, kakulia New Zealand, kapikwa na chuo cha TCU kule Texas. Fearnley, TCU. Pinnington Jones, TCU. Chuo kimoja cha Texas kinawapikia Waingereza wachezaji, na wenye jiko wako London wanahesabu vijiko! Kadi za mwaliko ni vumbi tu. Mwanangu mwenyewe nilimtoa kwenye klabu moja ya hapa, kocha alikuwa anaangalia simu saa nzima.

Dokta_Voli:
Mzee ukishaanza Norrie kazaliwa wapi tutafika kwa Raducanu kazaliwa Toronto, Konta Sydney, Rusedski Montreal. Waingereza halisi wamebaki Waskoti, na Waskoti hawataki kuitwa Waingereza.

Mzee_wa_Reading:
Sikusema hayo. Soma tena taratibu.

Kamba_Mbili:
Tuwe wakweli. Mleta mada si huyu aliyekuwa analia humu mkeka wake umechanwa na Mwingereza huko Monastir? "Nimejikuta nawafuata, sijui kwa nini." Sisi tunajua kwa nini.

MpigaUkuta_Upanga:
Unanivunjia heshima. Nabeti kwa pesa yangu, sijamwomba mtu. Na huo mkeka ulikuwa na mechi saba, sita ziliitika, kijana akaongoza seti moja na 4-1 halafu akaanza kupiga mpira nje kama anafukuza nzi. Ukitazama vile unajiuliza maswali.

Shangazi_Forehendi:
Maswali gani? Sema.

MpigaUkuta_Upanga:
Unayajua.

Shangazi_Forehendi:
Hapana mwanangu, kama unamtuhumu mtu kuuza mechi, andika kwamba ameuza mechi. Usituachie nukta nukta. Kijana wa miaka 20 yuko peke yake Tunisia, hana kocha, ameharisha usiku kucha, amepoteza mechi. Hiyo inatokea. Katie Boulter alizungumza na BBC 2025 akaeleza anavyotishiwa kuuawa mitandaoni, hadi familia yake inaguswa. Na huyo ni mchezaji mkubwa. Wale wa M15 wanaotukanwa kwa mkeka wa shilingi elfu mbili hakuna anayewahoji.

Dokta_Voli:
Shangazi amekasirika, mleta mada kimbia.

Bandari_Salama:
Samahani naingia katikati. Tatizo siyo mwenye mkeka, ni aliyeuza mechi kwenye simu ya mwenye mkeka. Matokeo ya pointi kwa pointi ya mashindano haya madogo ITF, yaani shirikisho la tenisi la dunia, iliyauza kwa miaka mingi kwa kampuni ya takwimu ya Sportradar, ndiyo maana mtu wa Temeke anaweza kubeti mechi ya Monastir ambayo hata mama wa mchezaji haioni. 2018 jopo la wakili Adam Lewis lilitoa ripoti nene, likashauri kuacha kuuza matokeo hayo ya moja kwa moja katika daraja la chini kabisa, maana huko ndiko rushwa ilikokolea. Mchezaji anapata dola mia na kitu kwa kufungwa, na kuna mtu pembeni anaahidi elfu mbili kwa seti moja. Fanya hesabu.

MpigaUkuta_Upanga:
Asante Bandari. Hicho ndicho nilichokuwa nasema!

Shangazi_Forehendi:
Hukusema hicho.

Kamba_Mbili:
Nicheke mie. Sasa wewe ungekuwepo Sunderland Februari 2016, si ungepasua simu? Tara Moore alikuwa amefungwa seti ya kwanza 6-0, ya pili yuko nyuma 5-0, tena pointi ya mechi. Mpinzani Jessika Ponchet wa Ufaransa. Moore akageuza kibao, akashinda 0-6, 7-6, 6-3. Kashindano ka dola 10,000. Kuna watu duniani walishaanza kutumia pesa za ule mkeka.

Dokta_Voli:
Huyo aliyempa Ponchet ushindi saa ile mpaka leo hajaoa.

Mzee_wa_Reading:
Vijana mmefurahi, ila kuna mtu anaitwa Billy Harris. Babake alimpa gari aina ya Ford Transit, akaweka kitanda nyuma, akazunguka nalo Ulaya nzima akicheza vishindano hivi mnavyovibetia, akifunga kamba za raketi mwenyewe. 2024 akafika robo fainali ya mashindano ya Queen's na nusu fainali ya Eastbourne, akiwa na miaka 29, akapewa na kadi ya Wimbledon. Mleta mada, huyo naye amedekezwa?

MpigaUkuta_Upanga:
Mzee shikamoo. Harris ni mmoja. Usinipe mmoja.

Mzee_wa_Reading:
Marahaba. Marcus Willis, 2016, alikuwa nafasi ya 700 na kitu, anafundisha watoto kwa pauni 30 kwa saa Warwick. Dan Evans alirudi kutoka kwenye adhabu ya mwaka mmoja akaanzia chini kabisa, 2023 akabeba taji la Washington. Nikupe wangapi?

Dokta_Voli:
772. Willis alikuwa wa 772.

MpigaUkuta_Upanga:
Willis alipita mchujo wa Wimbledon hadi kwa Federer, kwa hiyo ananisaidia mimi. Tarvet alipita mchujo, ananisaidia mimi. Mnaleta watu wangu mnanipiga nao.

Binti_Ngong:
Nauliza kama Mkenya. Mashindano ya ITF yakija Nairobi Club, kadi za mwaliko si tunawapa wetu? Angella Okutoyi alibeba taji la vijana la Wimbledon, wawili wawili, 2022, na bado alilazimika kwenda chuo cha Auburn ndio apate mechi za kutosha. Mimi wangempa kadi kila wiki ningepiga vigelegele. Sasa Mwingereza akifanya vile vile kwake mnasema anadekeza?

MpigaUkuta_Upanga:
Nairobi ni tofauti. Hakuna pauni 66,000 pale.

Binti_Ngong:
Kwa hiyo kosa ni kuwa na pesa.

Bandari_Salama:
Kosa ni mkeka wa mechi saba. Nani anaweka mechi saba za M15?

MpigaUkuta_Upanga:
Sita ziliitika, nimeshasema.