Kilimo hai kwa anayeanza: kujitolea kwa mtu, kibarua cha kulipwa au kukodi robo eka yako?

mgeni_wa_jembe
Wakuu heshima kwenu. Nina miaka 27, nilikuwa wakala wa pesa Mbagala miaka minne mpaka kibanda kikavunjwa kupisha barabara, sasa nataka kuingia kilimo hai, kile kisichotumia dawa wala mbolea za viwandani, ila sio kile cha kwenye simu cha "robo eka milioni kumi kwa msimu", nataka niijue kazi yenyewe. Jembe mara ya mwisho nimelishika darasa la sita shamba la shule tena kwa adhabu.

Nina njia tatu. Kuna mama mmoja yuko Mgeta, kule juu milima ya Uluguru, analima mboga bila dawa za dukani kwenye nusu eka hivi, ananipa chumba na chakula miezi mitatu ila hela hakuna. Halafu kuna shamba huku Mkuranga wanalipa kwa siku, wenyewe wanasema ni kilimo hai. Ya mwisho mjomba ana eneo hapo hapo Mkuranga ananikodishia robo eka kwa bei ya undugu, nina laki nane, naanza mwenyewe na video. Mimi moyo uko kwa mjomba. Nyie mngechukua ipi?

babu_mboji
Karibu kijana. Nianze na hiyo ya mjomba maana ndio tamu na ndio inayoua watu. Robo eka ni kama mita za mraba 1,000. Toa njia za kupita, toa kitalu, sema umebaki na matuta 50 ya mita 1 kwa 10. Mboga za majani kwenye jua la Mkuranga tuta moja linataka lita 40 mpaka 50 kwa siku, yaani keni 4 au 5 za lita 10. Zidisha mwenyewe. Ni keni 200 na kitu, kila siku, Jumapili ipo, mafua yapo. Kisima kiko wapi? Pampu ya nani?

Na udongo wa huko ni mchanga, maji unamwaga saa moja asubuhi, saa nne ukigusa vumbi. Dawa yake ni mboji nyingi na matandazo, sasa mboji inataka miezi 2 mpaka 3 na wewe hujatengeneza hata ndoo moja, so utafanya kama nilivyofanya mimi 2014, utaenda mabanda ya broila utanunua mbolea ya kuku utaiweka mbichi. Nyanya zangu zilikuwa kama zimemwagiwa maji ya moto. Nilikaa chini ya mwembe nikacheka maana kulia ningeonekana.

dada_chainizi
Babu umemtisha mtoto wa watu 😂 nani kamwambia alime matuta 50? Mimi nilianza na matano nyuma ya nyumba Kibaha, mchicha wiki ya tatu ya nne unavuna, chainizi mwezi na kidogo. Matuta matano ni keni 25 hiyo hata kabla ya chai unamaliza. Nimejifunza kwa hasara zangu mwenyewe na hazijanishinda, mara ya kwanza kitalu chote kimelala na kinyausi, ule ugonjwa wa kuozesha miche, kwa sababu nilikuwa namwagilia jioni tena nimebananisha mbegu kama napanda ulezi, mara ya pili nikaweka nyanya, kantangaze, wale wadudu wa nyanya, wakanisalimia mpaka nikang'oa. Sasa hivi nyanya sigusi, nakula za sokoni kwa aibu.

Ila kweli mkuu laki nane usiiweke yote chini. Ardhi haitoi risiti.

shamba_ya_limuru
Mimi niko Kenya side, acha niseme kitu kuhusu hiyo ya kujitolea kwa sababu nimeipitia. Nilikaa kwa shamba fulani miezi mbili bila pesa, nikiambiwa nitafunzwa. Unajua nilifunzwa nini? Kupalilia. Asubuhi palizi, mchana kubeba samadi na toroli, jioni palizi. Kitalu walikuwa wanafunga na kufuli, mbegu sikuwahi shika, na kila wageni wakija mwenye shamba ananiita "mwanafunzi wetu". Nilitoka hapo na mgongo na picha nne za sukuma.

Sisemi usiende. Nasema kabla uende muulize huyo mama vitu zitatu: nitakuwa kwa kitalu? nitajenga lundo la mboji mwenyewe kuanzia chini? siku ya soko naenda na wewe? Akisema hapana kwa zote, bora kibarua ya kulipwa, angalau jioni uko na kitu mfukoni.

mbongo_bavaria
Naunga mkono. Huku Ulaya kuna utaratibu wa WWOOF, ulianza Uingereza 1971, unafanya kazi nusu siku hivi mwenye shamba anakupa kulala na kula. Nilienda mara mbili likizo. Kilichonisaidia ni kwamba masaa mnakubaliana kabla, sio "utaona ukifika". Na huyo mama kubaliana naye masaa hata kama ni kwa meseji ya WhatsApp.

hai_kwa_cheti
Hamjaigusa hiyo ya kulipwa. Mkuu "wenyewe wanasema" sio kitu. Afrika Mashariki tuna kiwango cha kilimo hai tangu 2007 na alama yake ya Kilimohai, na kwa wakulima wadogo kuna njia ya kundi ambapo mnakaguana wenyewe kwa wenyewe bila kulipa mkaguzi wa nje wa bei mbaya. Uliza wako kundi gani.

Wakikujibu kwa maneno mengi basi tembea shambani uangalie mwenyewe. Lundo la mboji liko wapi na linatoa joto? Shamba la mboga lisilo na lundo linakula kutoka sehemu nyingine. Angalia shimo la taka utaona chupa na pakti. Nilifanya kazi sehemu moja bango barabarani limeandikwa hai, saa mbili usiku bomba la kupulizia dawa mgongoni. Tulikuwa tunaambiwa ni "maji ya muarobaini" lakini muarobaini ninaujua harufu yake jamani.

Faida ya kibarua ambayo hakuna mtu ataitaja: kasi. Kwa mtu anayekulipa kwa siku unajifunza kupalilia matuta kumi kabla ya saa tano, kwa sababu wenzako wanamaliza na wewe uko la tatu wanakuangalia. Mwili wa mtu wa kibandani unataka kama wiki mbili kabla haujaacha kukulaumu.

mgeni_wa_jembe
Asanteni sana, kumbe keni ndio mtihani, mimi nilikuwa nawaza mbegu. Nimempigia mama Mgeta jana usiku nikamuuliza yale maswali ya ndugu wa Limuru. Kwanza kacheka. Kasema kitalu ndio nitaanzia nacho kwa sababu macho yangu bado mazima, mboji nitajenga langu peke yangu na nitachomeka kijiti katikati, siku ya tano nachomoa, kikitoka cha baridi nabomoa naanza upya. Sokoni tutaenda wote kwa sababu mzigo nitabeba mimi 😅. Ana mbuzi wa maziwa watano, samadi yao inapandishwa mlimani kichwani, matuta yako juu zizi liko chini. Nikamuuliza kwa nini zizi lisihamie juu akasema mwizi naye anapenda juu.

Masaa tumekubaliana saa 12 asubuhi mpaka saa 7, jioni kumwagilia tu kama hakuna mvua.

babu_mboji
Huyo anajua kazi. Nenda. Baridi ya Mgeta sio ya Mbagala beba sweta. Na ukishuka Morogoro mjini pita kwa SAT, shirika la kilimo hai, wana kituo cha mafunzo Vianzi, ulizia kozi fupi, lakini nenda baada ya kukaa kwa mama hata mwezi mmoja. Ukienda kozi mikono haijapata malengelenge unaandika daftari zima halafu hujui swali gani uulize.

dada_chainizi
Hapo kwenye kozi babu sikubaliani, mimi ningepata kozi ya siku tatu mwanzoni nisingeua kitalu na nyanya. Tuyaache hayo.

Na usimkatae mjomba! Vuli inaanza Oktoba, kabla hujapanda gari mwaga mbegu za marejea, mmea wa kurutubisha udongo, au kunde kwenye hiyo robo eka. Yanakua na mvua hayataki keni zako, unayakata unayalaza hapo hapo, Januari ukishuka mchanga umepata cha kula. Halafu unaanza na matuta matano, MATANO. Hela yako ya pampu bado iko kwenye simu.

shamba_ya_limuru
Hiyo ya dada ndio answer. Kunde pia unachuma majani ukiwa unangoja.

mgeni_wa_jembe
Nani atachuma na mimi niko mlimani 😂 mjomba atakula zote. Basi marejea. Mbegu zake napata wapi na nani atakata?

babu_mboji
Ulizia maduka ya pembejeo, wakikuambia hawayajui taja "mbolea ya kijani". Mjomba akate yakianza kutoa maua, asingoje mbegu maana shina linakuwa gumu kama fimbo. Na mwambie mapema asiwape mbuzi.

mgeni_wa_jembe
Mjomba hana mbuzi. Ana ng'ombe wa jirani wanaopita.

babu_mboji
Basi anza na uzio.