Je, binti aliyetoa mimba aulizwe kosa lake kabla hajatibiwa?

Mwalimu Mstaafu, Ujiji
Ndugu zangu, wiki iliyopita niliombwa kumpokea binti wa miaka 19 aliyeletwa kwa boti hadi Kibirizi, hapa Kigoma, kutoka kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, akiwa amefungwa kanga mbili kiunoni na zote zimelowa damu. Alikuwa ametoa mimba. Mimi naamini kwamba kilichomo tumboni ni uhai, na imani hiyo sitaiacha. Lakini tulipofika kwenye matibabu, hata kabla hajalazwa, aliulizwa kwa ukali ni nani aliyempa dawa. Sisi tunaosema tunautetea uhai, uhai wa huyu tuliuona wapi? Tena waliomfokea zaidi walikuwa wanawake wenzake.

Mkunga, Mwanga
Shikamoo Mwalimu. Sentensi yako ya mwisho imenichoma. Aliyekunywa mizizi iliyochemshwa hatibiwi sawa na aliyeingiziwa kitu kikamtoboa kizazi, na asiposema alichotumia sisi tunapapasa gizani huku damu inakwenda. Kwa hiyo swali lenyewe ni la tiba. Ukali ndio usiokuwa na maelezo, kwa sababu binti anayefokewa husema mimba imeharibika yenyewe, na uongo huo unaweza kumgharimu maisha. Wizara ya Afya ina mwongozo wa huduma baada ya mimba kuharibika, na mgonjwa hapaswi kunyimwa huduma hiyo kwa sababu ya namna mimba ilivyotoka.

Baba wa Wanne, Kasulu
Mnajadili maswali ya wauguzi huku aliyekufa hamumtaji. Kiumbe asiye na sauti ametolewa uhai, na wa kumlilia hakuna. Kama sikosei, sheria yetu inampa mwanamke kama huyo miaka 14 jela, na sheria haikutungwa na wajinga.

Binti wa Gungu
Mzee wangu, unakosea kwa heshima zote. Katika Kanuni ya Adhabu, miaka 14 ni ya anayemtoa mwenzake mimba, kifungu cha 150. Mwanamke mwenyewe ni miaka 7, na anayetoa dawa au vifaa akijua vitatumika kwa kazi hiyo ni miaka 3. Kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Nchi yetu iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007, nayo inaruhusu mimba kutolewa pale mwanamke alipobakwa au afya yake inapokuwa hatarini, lakini vifungu vyetu vimebaki vilevile. Na katika vifungu hivyo vyote sikuona kinachomgusa mwanamume aliyeikana mimba akapanda treni akaondoka.

Baba wa Wanne, Kasulu
Usinihesabu miongoni mwa wapanda treni. Binti yangu wa pili alipata mimba akiwa shuleni. Majirani walisema mengi, nami nilisema kitanda hakizai haramu, nikamlea mjukuu kama mwanangu wa tano, na serikali ilipofungua mlango mwaka 2021 kwa waliojifungua kurudi shule, nilimpeleka mwenyewe, nimembebea begi. Msinifundishe mimi huruma. Ninachosema ni kwamba mtoto yule yupo, anakimbia uani, na kuna siku mtu mmoja alinishauri asizaliwe.

Ustadhi, Ujiji
Mwenyezi Mungu akujaze kheri, Baba. Lakini tusiseme kana kwamba dini zote zina kauli moja. Katika hadithi aliyoipokea Ibn Mas'ud, sahaba wa Mtume, roho hupulizwa kwa kiumbe tumboni baada ya siku 120. Kwa hiyo baadhi ya wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi waliruhusu kabla ya muda huo kukiwa na udhuru, ilhali wale wa madhehebu ya Maliki walikaza tangu mwanzo, na Imamu Ghazali naye alikataza. Maisha ya mama yakiwa hatarini, huyo ndiye wa kuokolewa kwanza. Mimi binafsi naiona ni haramu pasipo dharura.

Binti wa Gungu
Ustadhi, huo udhuru anaupima nani? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nimesoma maneno ya wanaume watatu hapa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza huyo binti alikuwa anaogopa nini.

Mwalimu Mstaafu, Ujiji
Nilimuuliza, mwanangu. Alikuwa anamwogopa baba yake. Ametoka hospitali juzi, yupo kwa mke wangu, anakula uji kidogo na kila boti ikinguruma ziwani anashtuka. Dada Mkunga, neno langu kuhusu wanawake nalirudisha, kwani aliyemshika mkono usiku kucha alikuwa muuguzi. Baba wa Wanne, mimi huyo mzazi hatanisikiliza, sikuwahi kuzaa binti. Wewe umepita njia hiyo.

Baba wa Wanne, Kasulu
Jumamosi nitashuka Kigoma. Nitazungumza naye amrudishe mtoto wake nyumbani, na asimguse hata kwa fimbo. Lakini Mwalimu, sitamwambia kwamba hakukosea.