Naomba ushauri: nataka kununua shamba Mtae, Lushoto

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, wengine habari zenu.

Mwezi uliopita nilifika Mtae, kule mwisho kabisa wa Usambara Magharibi. Kutoka Lushoto unapita Lukozi, barabara ya vumbi na kona zisizoisha (tumbo langu linazikumbuka). Lakini ukifika ukingoni, ardhi inakatika ghafla na tambarare za Mkomazi ziko chini ya miguu yako. Asubuhi mawingu yalikuwa chini yetu. Nililala nimejifunika blanketi mbili, mimi mtu wa Dar!

Sasa kuna mzee anauza shamba la mteremko, ekari moja na nusu hivi, lina viazi, maharage na miti michache. Nawaza nyumba ndogo, vyumba viwili vitatu vya wageni wanaopanda milima kwa miguu.

Shida ni karatasi. Mzee hana hati yoyote, anasema ni shamba la baba yake na mipaka ni ile miti ya masale. Ninavyojua, ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria Na. 5 ya 1999, na mgeni kama mimi lazima nipite halmashauri ya kijiji. Dalali anasema tuandikishane tu mbele ya mwenyekiti. Hapo ndipo roho inasita.

Waliokwisha kununua kule: mlianza na hatimiliki ya kimila ya muuzaji kwanza? Ndugu zake nao wasaini? Na wakati wa masika, gari dogo linafika kweli?