Eti kompaila ya bure ni ya wanafunzi!

Mchungulia_Rejista: Wakuu, mikono bado inanitetemeka. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa "twende kitaalamu" kila kikao. Leo mbele ya mteja, mbele ya mafundi wa saiti, katamka: "Kompaila ya bure ni ya wanafunzi."

Ya wanafunzi! GCC, kompaila yetu ya bure, yaani programu ya kugeuza msimbo tunaoandika uwe kitu mashine inaweza kuendesha, ipo tangu 1987. Linux imejengwa nayo tangu 1991. Clang, kompaila nyingine, nayo ni ya bure, mfumo endeshi wa FreeBSD wameifanya ya msingi toka toleo la 10, mwaka 2014, na Android inajengwa nayo. Wote hao wanafunzi? Shule gani hiyo, ina watu kuliko sensa?

Programu yetu ya mita za maji ni mistari laki nne na ushee ya lugha ya C, yote tumeijenga kwa GCC. Sasa eti tuhamie ya kulipia kwa kuwa leseni yake ina nembo! Tulipotoka tu kikaoni nikaijaribu. Faili la kwanza imegoma kwenye `case 1 ... 5:` (yaani namba 1 hadi 5 kwa mpigo), ikamwaga makosa mpaka skrini ikaomba poo. Na hapo hatujafika kwenye funksheni zilizoandikwa ndani ya funksheni. Nani atazifumua? Yeye, ambaye Makefile, faili la maelekezo ya kujenga programu, hajawahi hata kuifungua?

Mbele ya mteja, wakuu. Na mteja akaitikia kwa kichwa!

Nukta_Mkato: Pole mkuu. Ila `case 1 ... 5` si C ya kiwango, ni nyongeza ya GCC. Mngeiamuru GCC ishike kiwango kwa `-std=c11 -pedantic` toka mwanzo mngeonywa mapema.

Mchungulia_Rejista: Sijaja kusahihishiwa mtihani. Nimesema MBELE YA MTEJA.

Babu_Kerneli: Hahahaha, mwanafunzi kakasirika. Daftari limeshakaguliwa?

Malkia_wa_Pointa: Afadhali nyie. Bosi wetu kaweka `-w`, ya kuzima maonyo ya kompaila, mradi mzima, eti maonyo yanachafua skrini. Juzi tumehamia GCC 14, kuita funksheni isiyotangazwa si onyo tena, ni kosa. Hakuna kinachojengeka, halafu mimi ndiye naulizwa nimeharibu nini!

Nukta_Mkato: GCC 14 wamefanya vizuri. C99, kiwango cha C cha 1999, ilishalifuta hilo kitambo.

Malkia_wa_Pointa: Njoo umwambie yeye.

Fundi_Bodi: Hamjaona kitu. Sisi hiyo ya kulipia tunayo, leseni imefungwa kwenye kidude cha USB. Kimoja, ofisi nzima. Aliyenacho kaenda msibani Tanga, kidude kiko mfukoni. Toleo linatakiwa Jumatatu.

Babu_Kerneli: Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Mpigieni akipakie kwenye basi.

Fundi_Bodi: Simu haipatikani.

Mchungulia_Rejista: Wakuu turudi kwenye mada. "Ya wanafunzi." Mbele ya mteja!

Malkia_wa_Pointa: @Fundi_Bodi mabasi ya Tanga siku hizi yanaanzia Mbezi. Wahi alfajiri, ukachukue mwenyewe.