Naombeni ushauri: kodi ya Marekani, mimi na mke wangu tujaze pamoja au kila mtu kivyake?

Habari zenu wakuu. Tuko Florida, mimi ni dereva wa lori, mwaka 2024 nimeingiza kama dola 78,000, wife anafanya kazi nusu siku kwenye nyumba ya wazee akapata 19,000 tu. Ndo mara ya kwanza tunajaza kodi tukiwa kwenye ndoa.

Mimi nimepiga hesabu hivi kwa mwaka huo wa 2024, tukijaza pamoja dola 29,200 za kipato haziguswi na kodi na zinazobaki zinaishia kwenye kiwango cha kodi cha 12%, ila kila mtu akijaza kivyake mimi napata 14,600 tu alafu sehemu ya mshahara wangu inaingia kwenye 22%. Tofauti ni karibu dola 1,770 na kwetu hiyo ni hela, ni kodi ya nyumba kabisa.

Sasa shida ni mkopo wa chuo wa wife. Analipa kulingana na kipato, tukijaza pamoja na mshahara wangu unahesabiwa kwahiyo rejesho la kila mwezi linapanda sana, tena nasikia ukijaza kivyako hata riba ya mkopo huruhusiwi kuitoa kwenye kipato kinachokatwa kodi. Pia alifanyiwa operesheni tukalipa hela nyingi mfukoni, nikadhani ajaze mwenyewe adai hizo gharama, kumbe akiorodhesha gharama zake moja moja badala ya kuchukua ile 14,600 ya jumla, na mimi lazima niorodheshe zangu, naikosa ile 14,600 na mimi sina cha kuorodhesha.

Waliopitia hili mlifanyaje? Na fomu ya W-4 kazini (ile inayomwambia mwajiri akukate kodi kiasi gani kwenye mshahara) nijazeje tusije kudaiwa mwakani?