Naomba ushauri: kumbukumbu za Simba za babu yangu

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Kwetu Simba imeanzia kwa babu, mpaka leo anaiita Sunderland ingawa jina lilibadilishwa 1971, na ukimgusia tu ile ya 1979 tuliyopigwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa Dar halafu tukaenda kuwanyuka 5-0 kwao Zambia, hapo hunyanyuki kwenye kiti mpaka amalize. Sasa ameanza kusahau sahau na magazeti yake ya zamani mchwa wanayamaliza, roho inaniuma sana. Nataka nimrekodi wanangu waje wamsikie. Simu ya kawaida inatosha au nitafute maiki? Na hizo karatasi mnazitunzaje, kuna ndugu anasema tuzilamineti ila naogopa zitaharibika.