Tupeane uzoefu: Wewe unayesafiri njia ile ile kila mara, bado unasali kama safari ya kwanza?

Mama Mitumba wa Memorial

Wakuu, habari za jioni. Nauza mitumba hapa soko la Memorial, Moshi. Huu ni mwaka wa tisa nashuka Dar kufuata mzigo, kwa kawaida mara mbili kwa mwezi. Hata nikifumba macho najua tumefika wapi kwa kusikiliza gari linavyolia: hapa tunaitafuta Same, hapa tumeipita Hedaru, hapa Mombo, watu wanashuka kuchimba dawa.

Miaka ya mwanzo nilikuwa nasali sana. Kabla hatujatoka stendi alfajiri, mhubiri anapanda, anatuombea, anapitisha sadaka, na mimi naitikia amina kuliko abiria wote. Halafu ilikuwepo Wami. Mnaolikumbuka daraja la zamani mnanielewa: mteremko mkali, kona, halafu daraja jembamba, malori yanasubiriana huku na huku. Tukianza tu kushuka nilikuwa nasema Baba Yetu kimoyomoyo, na nilikuwa naipimia, ile amina iangukie pale tairi za nyuma zinapotoka darajani. Nikiwahi kumaliza naanza upya.

Sasa daraja jipya limejengwa, ni pana, gari linapita kama liko barabara ya kawaida. Mwezi wa nne nilipitiwa na usingizi baada ya Mkata, nikazinduka tuko Msata. Nikakaa nawaza: Wami nimeipita bila kusali. Kuhesabu nyuma, nikaona si safari hiyo tu, ni nyingi. Iliniuma kwa kweli. Miaka yote ile nilikuwa namwomba Mungu, au nilikuwa naliogopa daraja?

Sijaacha kuamini, Jumapili nipo kanisani. Lakini nataka kusikia kutoka kwenu mnaorudia safari moja, iwe ya kazi, ya matibabu, ya hija. Imani yenu imekuwaje?

Kijana wa Bomang'ombe

Mama, kusali ni sawa kabisa, mimi pia nasali. Ila abiria tukisema amina stendi, dereva akianza kuovateki kwenye mteremko wa Kikavu tunanyamaza wote kama tumemwagiwa maji. Mimi niliwahi kusimama nikamwambia konda amwambie suka apunguze mwendo. Nilitukanwa na abiria wenzangu, eti nawachelewesha. Mwendo ulipungua. Kwangu ile nayo ilikuwa sala.

Mgumu wa Marangu

Shikamoo mama. Swali lako limenigusa, ngoja niandike kwa kirefu kidogo.

Nilianza mlima Kilimanjaro nikiwa na miaka 19, mgumu, yaani mbeba mizigo ya wageni, kilo 20 kichwani. Sasa ni mwongozaji. Safari nimeacha kuzihesabu. Mwanzo sala yangu ilikuwa moja tu: Mungu tufikishe kilele cha Uhuru. Mgeni akifika anafurahi, na bakshishi inakuwa nzuri.

Kuna usiku mmoja tumetoka kambi ya Kibo kwenda kileleni, tumeshapita pango la Hans Meyer. Mgeni wangu, mzee wa miaka sitini na kitu, anakohoa. Ukikaa mlimani unazoea kusikiliza vifua vya watu gizani. Nikamsimamisha, nikaweka sikio mgongoni kwake juu ya koti. Kifua kilikuwa kinatokota, kama chungu cha maharage kinapoanza kuchemka. Hayo ni maji kwenye mapafu, na dawa yake ni kushuka, tena saa ile ile.

Yule mzee alilia. Alikuwa ameiwekea akiba safari ile kwa miaka. Akanishika mkono na glavu yake iliyoganda, ananiomba twende hata Gilman's tu, pale ukingoni mwa kreta, tupige picha turudi. Na mimi nyumbani nilikuwa nadaiwa ada ya mtoto. Nilisali nimesimama, maneno hayakufika hata matano, nikamgeuza. Tulipofika kambi ya Horombo, mita 3,720, jua limeshachomoza, kifua kimeanza kutulia, akaomba chai. Sikuwahi kumuona mtu akinywa chai taratibu namna ile, kikombe amekishika kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo siombi tufike. Naomba nipewe moyo wa kumrudisha mtu akihitaji kurudi, hata akilia, hata nikikosa bakshishi. Hii sala sikuwa nayo safari ya kwanza, wala ya ishirini. Kwa hiyo mama, labda ya Wami ilikuwa ya wakati wake.

Dereva Levolosi

Asalaam aleikum. Mimi napeleka wageni Serengeti kutokea hapa Arusha. Safarini swala za rakaa nne tunazipunguza ziwe mbili, Magharibi inabaki tatu. Nachukua udhu kwa chupa ya maji pembeni ya gari, naelekea kaskazini, maana kwetu huku kibla kiko upande huo. Wageni wanaangalia nyumbu, mimi dakika chache niko na Mola wangu, halafu tunaendelea.

Ninachotaka kusema, kwangu mazoea ndiyo yamenishika. Siku imani iko chini, mwili unajua tu kwamba muda umeingia, unashuka garini. Moyo mara nyingine unafuata nikiwa nimeshasujudu.

Mama Sakina

Nimekwenda hija Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda, mara tatu. Tunapanda basi hapa Arusha, Namanga, Nairobi, Busia, mpaka Kampala. Miguu inavimba mpaka viatu vinakataa. Tarehe 3 Juni pale hapatoshi.

Mara ya kwanza nilikwenda kuomba mtoto. Nilirudi na dumu la maji ya pale, nikawa nakunywa kidogo kidogo asubuhi. Mtoto sikupata. Mara ya pili nilikwenda na hasira, nasema wazi. Nilikaa kwenye nyasi nikawaza wale vijana waliochomwa moto mahali pale mwaka 1886, wengine wadogo kabisa, na hakuna aliyekuja kuuzima ule moto. Sikupata jibu la swali langu, ila nilijiona niko na watu ambao nao hawakujibiwa walivyotaka. Nikalia mpaka jirani yangu wa basi akanipa kitenge nijifunike.

Mara ya tatu nilimsindikiza mama mmoja wa jumuiya yetu asiyeona vizuri. Nilimshika mkono tangu Busia. Nilisahau kabisa kuomba la kwangu.

Mama Mitumba wa Memorial

Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Mama Sakina, pole, na asante kwa kusema hiyo hasira. Mimi ya kwangu huwa naificha hata kwenye maombi.

Mgumu, mwanangu, hujui ulichonifanyia. Nimekumbuka kwamba miaka yote ile niliyosali Wami nilikuwa najiombea mimi na mzigo wangu. Hata aliyekaa kiti cha pembeni sikuwahi kumtaja.

Kesho nashuka tena, gari la alfajiri. Nimeshamwambia binti yangu anipigie saa tano tano hivi, nisije nikalala baada ya Mkata. Nitamtaja dereva, na konda, na yule mzee wa chai popote alipo. Na wewe, Mama Sakina, nitakutaja.